Tulivyong'ara kwa Ulanga na Gundi ya Muhogo

Ukitaka kukimbia ukiwa umevaa raizoni, zivue kwanza. Hilo nawapa mapema, ninyi vijana mnaopiga muziki siku hizi, kwa sababu goti langu la kushoto linanikumbusha kila wingu likitanda. Raizoni ni vile viatu vya soli nene kama tofali. Sisi tulichonga wenyewe, soli za mti wa msufi, maana msufi ni mwepesi. Ukichonga mninga utaburuta miguu kama mfungwa. Ukitembea nazo usitangulize kisigino. Nyanyua mguu wote, uteremshe wote, kama kuku aliyeingia matopeni. Ngazi shuka ubavu. Na jukwaa likiwa la mbao, fika mapema uligongegonge ujue wapi pameoza.

Mimi pale Kimamba sikugonga. Nilizama mpaka kwenye paja katikati ya wimbo, gitaa kifuani, na sikuacha kupiga. Watu wakadhani ni mtindo. Jumapili iliyofuata tulikuwa Rudewa, mama mmoja kaja mapema kakaa mbele, ananiuliza, "Baba, wewe ndiye unayezama? Utazama saa ngapi? Nimeacha mboga jikoni."

Kilosa wananiita Besi, na hilo linatosha. Nimezaliwa Kidete, kando ya reli. Shule niliishia la tatu, kwa sababu mto Mkondoa ulijaa ukachukua njia, na maji yalipopungua hamu yangu nayo ilikuwa imepungua. Nikaja mjini Kilosa kujifunza cherehani. Ndiyo maana kwenye bendi yetu ya Mng'aro Jazz nilikuwa na kazi mbili, kupiga gitaa la besi na kushona mavazi. Mkiniuliza ipi ilikuwa ngumu, ni kushona. Besi ina nyuzi nne tu. Issa alikuwa na matakwa elfu.

Huyu Issa alikuwa mwimbaji wetu. Tulimwita Kioo kwa sababu hakuwahi kupita dirisha lenye kioo bila kusimama. Alikuwa mwembamba, mrefu, sauti kama maji ya mtungi, na kazi yake ya siku sita ilikuwa kubeba majani ya mkonge kwenye kiwanda cha shamba. Mkonge mnaujua ninyi? Maji yake yanawasha mwili mzima. Mtu anatoka kule anajikuna mpaka Jumamosi. Nadhani ndiyo sababu Jumapili Issa alitaka kufanana na kitu ambacho hakijawahi kujikuna.

Mambo ya kung'aa yalianza na maandazi. Tulikuwa stesheni, treni ya Bara imesimama, mhudumu wa behewa la chakula akatuuzia maandazi yamefungwa kwenye ukurasa wa gazeti la Ulaya. Issa akaufungua ukurasa wote. Kwenye ukurasa kulikuwa na wanaume wanne wa kizungu, nywele kama manyoya ya simba, macho yamepakwa rangi, nguo zinameremeta kama magamba ya samaki, na viatu ndivyo hivyo nilivyowaambia. Issa akachukua karatasi, mimi nikachukua maandazi. Mpaka leo anadai nilikula lake.

Maneno yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo hatukujua wanaitwa nani wala wanapiga nini. Tulichukua nguo, muziki tukabaki na wetu, dansi la kawaida lenye mdundo wa ngoma za huku. Miaka mingi baadaye daktari mmoja wa kizungu wa kujitolea alituwekea santuri ya watu wa namna ile. Tukasikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Chilewa, mpiga ngoma wetu, akauliza, "Sasa hapo wanagombea nini?"

Chilewa ni Mgogo, mimi Msagara, kwa hiyo ni mtani wangu. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako nawe ukacheka. Mumkumbuke, atarudi.

Nguo za kung'aa hazikuwepo. Duka lilikuwa na kaki, na kaki, na siku ikiwa njema, marekani, ile pamba nyeupe. Nilishona bugaluu, zile suruali pana chini, za mapazia, na majoho ya bitana. Mng'aro wenyewe tuliupata kwenye mawe. Kuna jiwe linaitwa ulanga, linatoka milimani upande wa Uluguru, linabanduka kama kurasa za daftari, jembamba, jepesi, linapitisha mwanga. Mjomba wake Issa alilichimba enzi za Mwingereza, na alikuwa na gunia zima uvunguni. Tukabandua, tukakata vipande kama kucha, tukabandika kwenye joho kimoja kimoja. Joho moja siku tatu. Jua la saa tisa likikupiga ukiwa umevaa ulanga, watu wa mbele wanafumba macho.

Gundi ndiyo ilikuwa na ufundi, na ufundi ulikuwa wa Mwanaasha. Siku zile alikuwa binti wa jirani anayepika vitumbua, leo ni mke wangu, na ananichungulia hapa begani kuona nimemwandika vipi. Gundi yake ilikuwa uji mzito wa unga wa muhogo, lakini muhogo mchungu, na humo anachemshia majani ya mwarobaini. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua na uchungu wote huo.

"Kwa sababu muhogo mtamu ni chakula," akaniambia. "Wewe unataka kubandika nguo au kualika panya?"

Shikeni neno hilo. Ningelishika mimi, nisingekuwa na habari ya kuwaandikia.

Mwalimu wetu alikuwa Mzee Kolongo, aliyepiga tarumbeta jeshini zamani za wakoloni. Hakuwa na meno mawili ya mbele, akapiga hivyo hivyo. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchemsha nyuzi za besi kwenye maji yenye magadi zikichoka, zinarudisha sauti kama mpya, mara tatu, ya nne zinakatika. Gitaa la solo likikatika uzi, tulitoa waya mwembamba ndani ya kebo ya breki ya baiskeli. Kilosa nzima ilikuwa na baiskeli zisizo na breki siku zile, na sisemi zaidi.

Na kuweka sawa sauti za magitaa, nani alikuwa na chombo cha kupimia? Mzee Kolongo alitumia honi ya treni. Tunakaa stesheni, treni inapiga honi kuingia, yeye anainua kidole, "Hiyo hiyo! Kaza!" Tunakaza nyuzi mpaka zilingane na honi. Siku walipobadilisha injini, sisi hatukujua. Tulipiga Jumapili nzima juu kupita sauti ya Issa, mishipa ya shingo ikamtoka kama mizizi. Alipomaliza akamuuliza mzee, "Shikamoo baba, unataka kuniua?"

"Marahaba. Laumu reli," mzee akajibu.

Wanja pia tulimuuliza yeye. Issa alitaka kupaka wanja machoni kama wale wa kwenye karatasi, shangazi yake akapiga kelele mtaa mzima, mwanamume na wanja! Mzee Kolongo akamwambia, "Bibi, tangu lini? Marehemu kaka yako, baba yake huyu, alipaka wanja kila Idi akaenda msikitini, na wewe ulimsifia." Wanja ukabaki.

Sasa nije kwenye lililokuwa linatutia tumbo joto, maana bila hili hamtaelewa ya Mikumi. Siku zile mwanamuziki hakuwa na gitaa. Gitaa lina mwenyewe. Magitaa, spika, amplifaya, ngoma za Chilewa, vyote tuliviita vyombo, na vyombo vyetu vilikuwa mali ya klabu ya shamba la mkonge. Ukigombana na mwenye vyombo, unatoka na vidole vyako tu. Hakuna hata mmoja wetu ambaye angeweza kununua hata ile kamba ya kuvalia gitaa. Kwa hiyo bendi yetu ilikuwa ni ruhusa. Ruhusa ikiondoka, bendi hakuna.

Shamba lilipochukuliwa na serikali, klabu akapewa ofisa ustawi mpya, Bwana Lazaro. Mtu mwema, mnyofu, kutoka milimani, amesoma misheni, na moyo wake wote uko kwenye kwaya. Shamba lilikuwa na kwaya ya watu arobaini isiyo na hata kinanda. Kila akituona na spika zetu, nilimwona anahesabu wanakwaya kichwani.

Tena ilikuwa enzi za ujamaa na kujitegemea, suruali ilikuwa na mtihani. Chupa ya soda inaingizwa kiunoni, ikipita mpaka chini umefaulu, ikikwama unaletewa mkasi. Bwana Lazaro alisimama mlangoni na chupa yake. Bugaluu chini ni pana, inapita hata ndoo, lakini pajani inabana. Nikashona mshono wa siri, marinda mawili ndani ya paja yamefungwa kwa vishikizo. Chupa ikija unafungua, ikipita unafunga. Lazaro akapima watu sita, chupa ikadondoka mara sita. Akaitazama suruali ya Issa anavyotembea kwenda jukwaani.

"Bwana Besi," akaniambia taratibu, "suruali hizi zinapumua?"

"Kitambaa cha pazia, bwana. Kina tabia hiyo."

Tulikuwa juu wakati huo, sitawaficha. Msowero tulipiga dansi la mchana baada ya mnada wa ng'ombe, wafugaji wakaja wamevaa shanga, vikuku, mkufu, wamejipaka rangi nyekundu, wananukia mafuta. Wakatutazama. Tukawatazama. Issa akaninong'oneza, "Besi, hawa wametushinda." Nikamwambia tupige. Wakaanza kuruka, wima, bila kukunja goti, nasi tukafuata mruko wao kwa mdundo. Mzee wao mmoja akaja mwishoni akagusa ulanga kwenye joho la Issa, akageuza vidole kwenye jua, akatabasamu. Issa hakuvua joho lile siku mbili.

Basi siku moja Bwana Lazaro akatuita ofisini. Mikumi, kijiji kipya cha ujamaa kinafungua duka lao la ushirika, mgeni rasmi anatoka mkoani, shamba limeombwa kupeleka burudani.

"Mtakwenda ninyi," akasema. "Wimbo wa kilimo nimewaandikia mwenyewe. Mkifanya vizuri, vyombo ni vyenu kuvitumia na sitawasumbua tena. Mkiniaibisha mbele ya mgeni, Jumatatu vyombo vinakwenda kwa kwaya. Tumeelewana?"

"Na mavazi?" Issa akauliza.

"Ya heshima."

"Heshima yetu ni kung'aa, bwana."

Lazaro akavua miwani, akaifuta. "Basi mng'ae kwa kiasi."

Issa alipotoka mle ndani alikuwa ameshasahau "kwa kiasi". Alitaka joho la kuburuza, kola ya kusimama mpaka masikioni, ulanga kila mahali. Alisema mgeni akiona kazi ile, hakuna atakayethubutu kutunyang'anya nguo zile wala vyombo. Mimi niliogopa, lakini mkono ulikuwa unataka kulishona. Fundi ana ugonjwa huo.

Tukapanda treni ya Kidatu, tukashuka Mikumi jioni ya Jumamosi, tukapewa darasa la kulala. Asubuhi nikafungua sanduku. Ulanga nusu umebanduka. Joto la behewa na mtikisiko, gundi imekatika, vipande vimejaa chini ya sanduku kama magamba ya samaki aliyeparwa. Mwanaasha yuko Kilosa. Muhogo mchungu sina, mwarobaini sina, na wimbo unaanza saa nne.

Nikakimbilia gengeni. Muhogo upo, mtamu. Nikasema, muhogo ni muhogo. Nikaupika, ukawa mwepesi, haushiki. Jirani na gengeni kulikuwa na mzee anauza sukari guru kutoka upande wa mashamba ya miwa, ile ya madonge meusi. Nikakumbuka inavyonata mkononi. Nikanunua madonge matatu nikayayeyushia ndani ya uji. Ee bwana! Ikashika kama lami. Tena ikakauka inang'aa, ulanga juu yake unang'aa mara mbili. Nilijiona fundi kuliko Mwanaasha. Nikabandika nguo zote sita, nikampimisha Issa kola, nikazianika kwenye waya nyuma ya darasa, jua lizikaushe. Wenzangu wakaenda uwanjani kupanga vyombo. Mimi nikabaki kulinda, nimeshavaa raizoni tayari, naimba.

Mikumi, wajukuu zangu. Mbuga iko pale pale, unapiga chafya wanyama wanakusikia.

Walikuja kimya, nyani kama thelathini. Niligeuka nikakuta mmoja ameketi chini, amekumbatia shati la Chilewa kama mtoto mchanga, anabandua ulanga, anautema, analamba. Kisha wote wakawa kwenye waya. Hawakupigana, walipanga mstari vizuri kuliko watu dukani. Dume kubwa likalivuta joho la Issa, likaingiza kichwa, kola ikasimama mpaka masikioni kama Issa alivyotaka, likaondoka linaliburuza kwenda porini.

Nikakimbia. Na raizoni. Sasa mmejua habari ya goti.

Wenzangu walinikuta nimelala kifudifudi, na waya mtupu, na matambara. Issa akasimama akitazama kule porini. Nyani mmoja alikuwa bado mtini na mguu wa bugaluu, analamba pindo kwa utaratibu.

"Besi," Issa akasema, "kwa nini wanalamba?"

Hapo ndipo nilipokosea zaidi ya kwenye gundi. Ningepaswa kusema ukweli. Nikamwambia, "Njaa, Issa. Porini mwaka huu hamna kitu." Na mwaka ule mvua ilikuwa imenyesha mpaka vyura wakachoka.

Chilewa akatikisa kichwa. "Mtani, hao nyani wa Kisagara. Nyani wa kwetu hawagusi nguo ya mtu."

Saa nne inakaribia. Wanaume wa kijiji walikuwa wamevaa nguo zao nzuri kwa ajili ya mgeni, na nguo zao za shamba ziko majumbani, zimetundikwa. Mwenyekiti wa kijiji akatuonea huruma, akapita nyumba kwa nyumba, akaleta kaptula za kaki zenye viraka na mashati yenye utomvu wa migomba. Issa alipewa shati lisilo na mkono mmoja. Akalishika kwa vidole viwili.

"Siimbi," akasema.

Mzee Kolongo akajitokeza akiwa amevaa kaptula inayomfika kifuani, tarumbeta kwapani.

"Issa, mwanangu. Wiki nzima unavaa nguo kama hii, unabeba mkonge. Umewahi kuacha kuimba kule kiwandani?"

"Kule sionekani, baba."

"Leo usipoonekana, Jumatatu vyombo ni vya kwaya, na utakuwa huonekani siku zote."

Issa akavaa. Lakini akaniomba kikopo cha wanja, akapaka macho, polepole, jicho moja baada ya jingine, akijitazama kwenye kifuniko. Hicho kilikuwa kimebaki mfukoni mwangu.

Tukapanda jukwaani. Bwana Lazaro amekaa nyuma ya mgeni rasmi, alipotuona rangi ikamtoka. Nikamwona anafumba macho, nadhani alikuwa anaomba. Tukaanza. Nawaambia ukweli, kwa miguu mitupu, bila lile joho la kuangalia lisikanyagwe, sijawahi kumsikia Issa akiimba vile. Ule wimbo wa Lazaro ulikuwa mgumu kama ubao, una mbolea ndani, una matuta, na Issa aliuimba kama barua ya mtu anayempenda. Kinamama wakaacha vigoda. Mimi goti limevimba kama boga, napiga besi kwa mguu mmoja.

Wimbo ulipokwisha mgeni rasmi akasimama. Akaomba kipaza sauti.

"Nilisikia shamba hili lina bendi ya majoho na viatu virefu," akasema. "Nilikuja na maneno yangu makali, nayarudisha mfukoni. Leo vijana hawa wamevua mapambo wenyewe, kwa hiari yao, wakavaa nguo ya mkulima. Huo ndio ujamaa!"

Uwanja ukalipuka. Chilewa nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini, "Hiari ya nyani." Nikauma mdomo mpaka ukatoka damu. Mgeni akageuka akampa Bwana Lazaro mkono, akautikisa muda mrefu, na Lazaro, ambaye hakujua lolote, akasema, "Tumefanya nao kazi kubwa sana, mheshimiwa."

Vyombo vikabaki kwetu. Alitimiza ahadi. Ila alipotufuata nyuma ya jukwaa, macho yanameta kwa furaha, akasema, "Vyombo ni vyenu. Na mavazi, kuanzia leo, ni hayo hayo."

Tulipiga na nguo za viraka miaka miwili. Tulialikwa kila mahali, hatukuwahi kualikwa vile. Nguo za kuazima zilirudishwa kwa wenyewe, kwa hiyo mimi fundi nikawa nanunua kaki mpya, naichana, halafu naitia viraka. Jaribuni kuichana nguo mpya ichanike kama imezeeka, ndipo mtajua kazi. Issa alivumilia. Alinipangia hata viraka, hiki kijani hapa, hiki hapa, mshono uonekane. Lakini sauti ya Mikumi haikurudi. Aliimba vizuri, basi. Asubuhi moja nilimkuta stesheni na kisanduku, treni ya Bara inaingia.

"Unakwenda wapi?"

"Mbele ya reli." Akanishika bega. "Besi, siwezi kuimba sijioni."

Akapanda. Sikumwambia kitu. Nilikuwa na nafasi, treni ilisimama dakika nzima, na nilikuwa na neno mdomoni, nikalimeza. Bendi ilikaa mwaka mmoja zaidi, amplifaya ikaungua, mkonge wenyewe ukaanza kudoda, na vilivyobaki vikaenda kwa kwaya. Kwaya ilivitumia vizuri, sina kinyongo. Mimi nikashona sare za shule mpaka macho yalipokataa.

Miaka yote nilibeba madonge matatu ya sukari guru. Nilijua kilichomwondoa Issa ni viraka, na viraka vililetwa na nyani, na nyani niliwaalika mimi. Tuliposikia amerudi, yuko Munisagara, analima vitunguu, Mwanaasha hakunipa raha. "Nenda ukamwambie kabla mmoja wenu hajafa. Na ukimwambia, mwambie mimi nilikukataza."

Nikapanda treni. Nikamkuta kwenye matuta, mwembamba vile vile, mvi. Nimempita umri kidogo, akaniamkia kwa mzaha, "Shikamoo, mzee wa kuzama." Tukakaa kwenye gunia la vitunguu. Nikaanza mbali, treni, joto, gundi ilivyokatika. Nikafika gengeni.

"Issa, wale nyani. Haikuwa njaa."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Sukari guru." Akang'oa kitunguu, akakifuta udongo. "Uliponipimisha kola asubuhi ile, iligusa mdomo. Nikalamba. Nikalamba tena. Nimekwenda uwanjani nimelamba upande wote wa kushoto."

Nilimtazama. "Miaka yote! Na mbona uliniuliza kwa nini wanalamba?"

"Nilitaka useme mwenyewe. Uliponiambia njaa nikajua umeogopa. Ningesema mimi, Lazaro angekutoa kwenye bendi siku ile ile." Akacheka, meno yamebaki machache. "Na mimi ningeshonewa na nani? Wewe ulidhani niliondoka kwa hasira? Niliondoka kutafuta mahali wanaporuhusu kung'aa. Sikupapata. Nikarudi kwenye vitunguu."

Nikalia kidogo, akanipa kitunguu nisingizie. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeulizia bei ya kaki, "Ule ulanga wa mjomba, uliisha?"

Haukuisha. Uko nusu gunia, uvunguni kwangu, siku zote hizi nimekuwa nauhamisha kila tukihama. Kwa hiyo, vijana, mkipita Munisagara Jumapili mchana, mkaona mzee anameremeta katikati ya vitunguu mpaka mnafumba macho, msishangae, na msimcheke. Mapindo ya joho lake nimeshona mwenyewe kwa miwani miwili. Gundi amepika Mwanaasha, muhogo mchungu na mwarobaini, na kabla sijabandika hata kipande kimoja, safari hii niliigusa kwa ulimi kwanza.